Niletee Tena Baada ya Wiki Mbili

Teodora Malimi alikuwa karani wa masjala. Kama hujawahi kuingia masjala, mshukuru Mungu wako: ni chumba ambamo serikali huweka karatasi zake ili zisimsumbue mtu yeyote. Chumba cha Teodora kilikuwa mwisho wa korido, katika ofisi moja pale Mwanza ambayo sitaitaja jina, maana wenyewe ni wepesi wa kununa. Kilikuwa na dirisha zuri la kutazama ziwa. Mwaka wa sabini na nane likawekwa kabati mbele ya dirisha hilo, ikaandikwa barua ya kuomba kabati liondolewe, na barua hiyo ikahifadhiwa humo humo kabatini.

Alikuwa amekaa katika chumba hicho miaka ishirini na mmoja. Alikuwa mjane wa mwalimu, mzaliwa wa Sengerema, amepanga vyumba viwili Mirongo, na ana binti mmoja, Selina, aliyekuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu Butimba. Mshahara wake ulikuwa mdogo kiasi kwamba wenzake waliuita nauli. Hata hivyo ulikuwa unafika, na kwa huo Selina alisoma, na bibi yake Selina kule ng'ambo ya ziwa, Sengerema, alipata sukari na dawa za presha. Teodora hakuwa na mradi wa pembeni. Katika miaka ile ambapo hata afisa utumishi alikuwa anafuga kuku wa mayai kwenye stoo ya serikali, yeye alikuwa na kazi moja tu, na aliifanya. Watu walimwonea huruma.

Na aliifanya kweli. Ungeingia ukamwambia, "Mama Selina, nataka lile jalada la wale watu wa josho," asingekuuliza watu gani wala josho gani. Angekujibu, "Kabati la pili, la tatu kutoka chini. Shika taratibu, panya ameshaanza kulisoma." Kila barua iliyoingia aliipiga muhuri wa tarehe, akaiandika kwenye rejesta, akaipa namba, akaitia kwenye jalada lake na kulipeleka kwa anayehusika. Katika miaka ishirini na mmoja hakuwahi kupoteza karatasi. Waliozipoteza ni wale aliowapelekea.

Wa kwanza kati ya hao alikuwa mkuu wa idara, Bwana Luhende. Tusimwonee, alikuwa mtu mwema. Hakuwahi kumfokea mfanyakazi, misibani alitangulia kufika, na kanisani alikusanya sadaka bila mtu kunong'ona kwamba imepungua. Alikuwa na ila moja tu, nayo katika utumishi wa umma haihesabiki kuwa ila: hakupenda kuamua jambo. Kila jalada alilopelekewa alilifunua, akalitazama kama mtu anayetazama mtoto wa jirani, akachukua kalamu na kuandika: "Niletee tena baada ya wiki mbili." Kisha akasaini, tena saini yake ilikuwa nzuri.

Teodora alikuwa na shajara maalumu ya hayo maneno. Aliandika tarehe, akahesabu siku kumi na nne, na siku ilipotimia jalada lilikuwa mezani kwa bosi kabla chai haijapoa. Bosi aliandika tena vilevile. Kulikuwa na kijiji kimoja kilichoomba kibali cha kuchimba kisima. Wakati jalada lao likiendelea kwenda na kurudi, walishachimba, wakanywa, kisima kikakauka, na jalada bado lilikuwa linaletwa tena baada ya wiki mbili. Sijui kama ipo mashine nyingine nchini iliyofanya kazi kwa uhakika namna ile. Tatizo lake ni kwamba haikutoa kitu.

Mambo yangeweza kuendelea hivyo hadi kiama, ila ukaja mwaka wa tisini na nne. Huko nje ya ofisi dunia ilikuwa imeshageuka. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimepanga foleni ufukweni, mitumba imejaa hadi kwenye ngazi za watu, na kila aliyekuwa na mdomo alisema soko huria. Serikali nayo ikakumbuka kwamba ina wafanyakazi. Ikaleta wataalamu watatu kutoka Dar es Salaam, kwenye gari lenye kiyoyozi, waliokaa Mwanza siku mbili, wakala sato, na kugundua kwamba wafanyakazi ni wengi na tija ni ndogo. Ugunduzi huo kila mama muuza maandazi pale getini angeweza kuwapa bure.

Wakaitisha mkutano ukumbini. Kiongozi wao, kijana mwenye tai na sauti ya upole, alieleza kwamba kuanzia Jumatatu kila mfanyakazi atajaza fomu. Kila nusu saa aandike amefanya nini, kila siku, kwa miezi mitatu, nakala tatu. Fomu zitapelekwa Dar, zitatiwa kwenye kompyuta, na yule ambaye hana tija atapunguzwa.

"Anapunguzwa nini?" akauliza mzee mmoja wa ulinzi.

"Anapunguzwa yeye," akajibu kijana.

Basi pakawa na bidii ambayo haijapata kuonekana. Ofisi ambayo saa nne asubuhi ungeweza kufanyia mazoezi ya kwaya ikajaa watu walioinamia meza wakiandika walivyokuwa na kazi nyingi. Nestory, afisa wa mipango, aliyekuwa na meza ya mitumba sokoni na koti moja la kudumu kwenye kiti chake cha ofisini, alijaza hivi: saa mbili hadi saa tatu, kutafakari, saa tatu hadi saa tano, kufuatilia hali ya soko, saa tano hadi saa saba, kushauriana na wananchi. Na kwa kweli hakudanganya hata neno moja. Mwingine alijaza fomu za wiki nzima Jumatatu asubuhi, zikiwa na saa za ziada za Alhamisi.

Fomu zilipokwisha, dereva alitumwa kwa Taherali, mwenye duka la vifaa vya ofisi, kutoa fotokopi. Taherali hakuwa na haja ya kujaza kitu chochote. Mashine yake ilikuwa inanguruma tangu asubuhi hadi magharibi, na kabla mwezi haujaisha alinunua ya pili. Kama tija ilipanda mahali popote mjini Mwanza mwaka ule, ilipanda kwa Taherali.

Sasa jiulize fomu hizo zilikwenda wapi kabla ya kwenda Dar. Zilikwenda masjala. Wafanyakazi thelathini, nakala tatu kila mmoja, kila siku ya Mungu. Teodora alizipiga muhuri, akazitoboa, akazipa namba, akazipanga kwa majina na kwa tarehe, na kuzifunga. Wakati huohuo barua za kawaida ziliendelea kuja, kwa sababu wananchi hawakuwa wameambiwa kwamba ofisi iko kwenye kupima tija. Fomu yake mwenyewe aliianza siku ya kwanza. Aliandika: saa moja na nusu hadi saa mbili, kupokea barua. Hapo watu watano wakaingia pamoja kutaka majalada, na tangu hapo hakupata nusu saa nyingine ya kuandika alichofanya katika nusu saa iliyopita.

Gladness, mpiga chapa wa chumba cha jirani, msichana mwenye huruma na kucha ndefu, alimwonya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta nyingine?"

"Nimeleta. Lakini mama, na zako je? Jaza basi, hata ya uongo. Hata mlinzi ameandika anashughulikia sera."

"Nitajaza nikimaliza hizi."

"Hizi haziishi, mama."

"Basi wataona wenyewe. Nani kawapangia hizi fomu, kama si mimi?"

Alikosea hapo, na lilikuwa kosa la mtu mnyofu: alidhani mtu akishika kitabu kilichofungwa vizuri hujiuliza nani amekifunga. Kompyuta ya Dar haikujiuliza. Ilijumlisha. Ikapata kwamba wafanyakazi wa idara ile walikuwa wanafanya kazi saa kumi na moja ndani ya siku ya saa nane, isipokuwa mmoja, ambaye katika miezi mitatu alifanya kazi nusu saa.

Jumanne, tarehe nne Oktoba, Teodora alifungua bahasha kubwa kutoka wizarani akakuta ndani yake bahasha ndogo ya kaki yenye muhuri mwekundu wa SIRI. Bahasha za siri kanuni yake ni moja: karani hafungui. Anasoma namba ya kumbukumbu iliyoandikwa juu, anaitia kwenye jalada la namba hiyo, anampelekea mkuu wa idara. Akasoma namba: jalada binafsi 388. Alizijua namba zote za mle ndani kwa moyo, ila hiyo hakuhitaji hata kuikumbuka. Ilikuwa yake.

Msimu ule bahasha ya siri iliyokuja kwa jina la mtu haikuwa inaleta salamu. Kwa kanuni, mtu haruhusiwi kushika jalada lake mwenyewe. Lakini kwa kanuni vilevile, hakuna aliyeruhusiwa kushika majalada ila karani wa masjala, na serikali kwa hekima yake ilikuwa imemwajiri mmoja tu. Angeweza kuifungua kwa mvuke wa birika. Angeweza kuiangusha nyuma ya lile kabati la dirishani isionekane hadi Selina astaafu. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Aliipiga muhuri wa tarehe ya siku ile, akaiandika kwenye rejesta, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe: akaifungia kwenye mtoto wa meza na kwenda nyumbani. Siku moja tu. Alitaka siku moja ya kuwa mfanyakazi bila mtu yeyote kujua.

Kesho yake, Jumatano, aliweka jalada 388 katikati ya mengine kumi na mawili na kuyapeleka kwa bosi. Saa nane akaenda kuyachukua. Akalifunua 388. Bahasha ilikuwa palepale, haijafunguliwa. Pembeni yake, juu ya ile saini nzuri: "Niletee tena baada ya wiki mbili."

Teodora alikaa kwenye kiti akalia.

Hakulia kwa huzuni. Hebu mfikirie: miaka yote hiyo amemwona mtu huyu akiahirisha visima, madaraja na mishahara ya walimu, na leo ameahirisha kumfukuza yeye. Ameiona bahasha, ameuona muhuri, amejua kilichomo, akakataa hata kuifungua. Angeweza kuamini nini kingine? Kwamba mkuu wa idara hafungui barua ya siri? Alimnong'oneza Gladness, na Gladness akashika mdomo.

"Amekuficha huyo, mama! Wiki mbili, halafu nyingine wiki mbili... mpaka wale wa Dar wasahau."

"Usimwambie mtu."

"Wala wewe usimwambie yeye. Fadhila ya namna hiyo ukiitaja unaiua."

Ndivyo watu wetu walivyo. Mtu akikukanyaga utamwambia mbele ya umati. Akikuficha kwenye hatari unanyamaza, usije ukamwumbua. Teodora akanyamaza. Ila hakuweza kunyamaza mikono mitupu. Jumamosi alikwenda mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, akachagua sato wawili wakubwa, wa macho maangavu, akawapeleka nyumbani kwa Bwana Luhende, akampa mkewe.

Jumatatu bosi alimkuta kwenye korido. "Mama Selina, asante kwa samaki. Wa nini tena?"

"Basi tu, mzee. Mungu anajua."

"Haya," akasema Bwana Luhende, na akaendelea na safari yake ya chai. Kama alijiuliza chochote, pengine alijiambia atajiuliza tena baada ya wiki mbili.

Siku zile Teodora alifanya kazi kama mtu aliyerudishiwa roho. Alipanga upya makabati yote ya barua za kuanzia mwaka wa sabini. Aliandika orodha. Alimwandikia Selina kwamba asiwe na wasiwasi na mchango wa chuo, mwaka utaisha salama.

Jumatano ya tarehe kumi na tisa wiki mbili zilitimia. Angeweza kulichelewesha lile jalada. Lakini hakuona sababu, maana alijua bosi ataandika nini. Alilipeleka asubuhi pamoja na mengine, akaliweka juu kabisa. Kwa kawaida alikuwa akiweka na kutoka. Safari hii akabaki amesimama mlangoni.

Bwana Luhende alikuwa ameshalifunua na kushika kalamu. Akainua macho. "Kuna jambo, Mama Selina?"

Ndipo moyo ukamshinda. "Mzee, najua haya mambo hayasemwi. Lakini nisiposema nitapasuka. Nashukuru. Kwa ile bahasha. Kwamba umekataa kuifungua."

"Bahasha ipi?"

Teodora akaonyesha kwa kidole. Bosi akatazama chini, na kwa mara ya kwanza akaiona. Uso wake ulikuwa wazi kabisa, hauna hila hata chembe. Teodora aliutazama uso ule, na kila kitu alichokijenga kwa wiki mbili kikaanguka kabla karatasi haijachanwa.

Bwana Luhende akaifungua, akavaa miwani, akasoma kwa sauti, maana alikuwa mtu wa kusoma kwa sauti barua ngumu. Kwamba kutokana na zoezi la kupima tija, Bibi T. Malimi amependekezwa kupunguzwa. Kwamba hata hivyo, endapo mkuu wa idara ataona utumishi wake bado unahitajika, aeleze hivyo kwa maandishi, mstari mmoja unatosha, ndani ya siku kumi na nne tangu tarehe ya kupokea barua hii. Kwamba asipojibu, itachukuliwa ameridhia.

"Siku kumi na nne," alisema. "Tumepokea lini?"

"Tarehe nne, mzee. Muhuri huo hapo."

Akahesabu kwa vidole. "Zimeisha jana."

"Zimeisha jana."

Teodora aliwaza ile siku moja aliyoifungia mezani. Lakini aliwaza pia miaka ishirini na mmoja ya kupeleka karatasi kwa mtu huyu, na hasira ikampanda polepole kama maji ya mvua kwenye mtaro wa Mirongo, na ile siku moja ikafunikwa.

Tumpe Bwana Luhende haki yake: alipiga simu Dar es Salaam palepale. Mara ya nne ikapokelewa. Alieleza, akabembeleza, akaomba siku moja tu, akataja jina la mtu aliyesoma naye. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya kijana, nayo ya upole. Jina limeshatolewa asubuhi hii, mzee. Kumi na nne ni kumi na nne. Serikali ile ile iliyochukua miaka sita kumpandisha Teodora daraja moja ilikuwa imemfuta kabla ya saa nne, bila kuhitaji jalada.

Bosi akaweka simu chini. Alikuwa amekasirika kwa dhati. Hata mkono uligonga meza, jambo ambalo halijawahi kusikika ofisini mle.

"Hawa watu wana wazimu! Nusu saa ndani ya miezi mitatu? Wamemwuliza nani? Hii ofisi nzima hakuna mwingine anayejua karatasi iko wapi. Bila wewe, Mama Selina, hapa hapaendi kitu hata siku moja, na mtu yeyote anajua hivyo!"

Teodora alikuwa amesimama bado. Hakuinua sauti.

"Hayo hayo, mzee," alisema. "Hayo ndiyo walikuwa wanakuomba uandike."

Teodora alichukua jalada 388 kutoka mezani, akalirudisha masjala, akaliandika kwenye rejesta na kulisimamisha mahali pake, kati ya 387 na 389. Kisha akachukua funguo za makabati na kutoka nazo kwenye korido kumtafuta mtu wa kumkabidhi. Aligonga mlango mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa saa tano asubuhi, siku ya kazi, na hakumkuta mtu.